Mwisho wa Mwaka na Ngozi ya Ng'ombe wa Amana

Mwezi wa Desemba utakapokwisha, makanisa mengi ya nchi yetu ya Mara, tangu Musoma mjini hata Bunda, na tangu Butiama hata Tarime, yatajaa watu usiku. Wataimba, watasali, na ifikapo saa sita watapiga vigelegele, na wengi wao watamwahidi Mungu neno. Huyu ataahidi kuacha pombe. Huyu ataahidi kumrudia mkewe. Mwingine atasema ya kuwa amemsamehe jirani yake ule ugomvi wa mpaka wa shamba. Na mwingine atakusudia kusoma Maandiko kila asubuhi kabla ya kushika jembe. Ni jambo jema, wala hatuandiki ili kulidharau. Walakini chini ya shangwe hiyo liko swali, nalo waumini wengi hulijua mioyoni mwao ingawa hawalisemi kwa vinywa. Je, yule aliyeahidi neno lilo hilo mwaka jana, na mwaka juzi, akalivunja kabla ya mwezi wa Machi, afanyeje mwaka huu? Aahidi tena, au anyamaze?

Wapo wasemao, Heri anyamaze. Hawa si watu wa kupuuzwa, maana wana Maandiko upande wao. Mhubiri, katika sura yake ya tano, aonya ya kwamba nadhiri isiyowekwa ni afadhali kuliko nadhiri iliyowekwa isiondolewe. Na Bwana wetu, alipofundisha mlimani, alikataza viapo, akataka neno la mtu lisimame kwa nguvu zake lenyewe. Wahenga nao walisema ahadi ni deni. Basi akopaye juu ya deni asilolilipa, tena kwa mdai yule yule, twamwitaje? Kwa hiyo wapo Wakristo ambao usiku ule hukaa nyumbani. Watu hudhani ni wavivu, au wamepoa. Sivyo wote. Wengine wameona haya tu. Wamechoka kusikia sauti yao wenyewe ikisema maneno yale yale.

Na wapo wa upande wa pili, wasemao, Mungu ni mwingi wa rehema, yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Hao huja kanisani wamechangamka, nao huahidi upesi. Twaipenda methali hiyo, nayo imepatanisha nyumba nyingi. Lakini yafaa tuangalie ni nani mwenye haki ya kuitamka. Mtu akikudai shilingi elfu hamsini, kisha yeye mwenyewe akakuambia yaliyopita si ndwele, hilo ni neno la rehema, nawe utamshukuru. Lakini ukimwambia wewe uliyekopa, hilo ni neno la ujeuri. Methali ile ni ya mdai, si ya mdaiwa. Mungu aweza kuyasahau ya mwaka uliopita, naye ameahidi kuyasahau kwa wanaotubu. Bali sisi hatukupewa ruhusa ya kumsahaulisha.

Basi njia hizi mbili zote zina kasoro, na ya kwanza ina heshima kuliko ya pili. Lakini hata ile ya kwanza haimfikishi mtu popote, maana yule aliyenyamaza ndani ya nyumba yake angali na deni, wala kunyamaza hakulilipi.

Twadhani shida yote hutoka katika kulisikia vibaya neno lenyewe, uaminifu. Wajuao lugha hutuambia ya kuwa imani, amini, amani, amana, na hata Amina tusemayo mwisho wa sala, ni maneno ya shina moja, lililotoka katika lugha za Waarabu na Waebrania, na maana ya shina hilo ni kuwa imara, kutegemewa, kukaa salama. Katika ndugu hao wote wa neno, aliye karibu zaidi na maisha ya kijijini ni amana. Amana ni kitu cha mtu kilichowekwa mikononi mwa mwingine. Mwaminifu, basi, ni yule ambaye waweza kumwachia mali yako, ukaenda safari ya mbali, na usiku ukalala usingizi.

Sasa nchi yetu ni nchi ya ng'ombe, na hakuna haja ya kuwaeleza Wazanaki au Wakurya au Wajaluo amana ni nini. Wafugaji wengi wa Afrika ya Mashariki, na wa kwetu pia, tangu zamani wana desturi ya kuweka ng'ombe kwa rafiki au kwa shemeji akaaye mbali. Sababu zake ni za akili. Ugonjwa ukiingia katika zizi moja hautawamaliza wote. Malisho yakikauka huku, huenda mvua imenyesha kule. Na nyumba isiyo na ng'ombe hupata maziwa ya watoto. Mlinzi hunywa maziwa, hutia samadi katika shamba lake, na pengine baada ya miaka hupewa ndama kwa kazi yake. Lakini ng'ombe si wake, na kila mtu kijijini ajua kwamba si wake, hata watoto wanaowachunga.

Na ng'ombe huyo wa amana akifa, itakuwaje? Mlinzi haendi kwa mwenye mali na maneno matupu. Huchukua ngozi. Mwenye mali huitandaza, akaitazama rangi na alama, akaona kama pana majeraha ya meno ya fisi au ya simba, akaulizia ugonjwa ulianza siku gani, na ni dawa gani iliyotumiwa. Huenda akasikitika sana. Huenda akanyamaza muda mrefu. Lakini mara nyingi mambo huishia hapo, watu hao wawili hula pamoja, na ng'ombe wengine waliosalia huendelea kukaa kwa mlinzi yule yule.

Tuliangalie jambo hili polepole. Mlinzi aliyeleta ngozi amepoteza ng'ombe, lakini uaminifu wake hakuupoteza. Yule asiyeileta, ambaye kila akiulizwa hujibu kwamba ng'ombe yupo, yuko malishoni, mtamwona siku nyingine, huyo amepoteza vyote viwili, hata kama ng'ombe alikufa kwa ugonjwa usiozuilika. Na kuna wa tatu, naye ndiye mbaya kupita wote: ng'ombe wa kwanza amemfia kwa siri, ngozi ameifukia, naye aja kwa mwenye mali na uso wa furaha akiomba apewe wa pili.

Huyo wa tatu ndiye aahidiye upya usiku wa mwaka mpya pasipo kutoa habari ya ahadi ya kale.

Maandiko yenyewe yaijua desturi hii vizuri, pengine kuliko sisi tulivyodhani. Katika Kutoka, sura ya ishirini na mbili, Torati yasema juu ya mnyama aliyewekwa kwa jirani alindwe: akiwa ameraruliwa na mnyama wa mwitu, mlinzi alete mabaki yawe ushahidi, wala hatalipa, lakini akiwa ameibiwa kwake, atalipa. Yakobo, alipogombana na Labani, alijisifu kwamba kwa miaka ishirini hasara ya kundi aliibeba yeye mwenyewe, naye hakutumia hata ile ruhusa ya kuleta mabaki. Na Amosi, ambaye alikuwa mfugaji wa Tekoa kabla ya kuwa nabii, asimulia juu ya mchungaji aokoaye kinywani mwa simba miguu miwili au kipande cha sikio. Wasomaji wa mijini huliona neno hilo kuwa la ajabu. Kipande cha sikio ni cha nini? Mfugaji hahitaji kuelezwa. Kipande kile ndicho kitakachosema mbele ya mwenye kundi ya kwamba mchungaji alikuwapo, hakukimbia.

Na tuone jinsi Torati ilivyotenga simba na mwizi. Simba ni nguvu iliyo kubwa kuliko mlinzi. Mwizi huingia mahali ambapo mlango haukufungwa. Mtu aliyeahidi kuacha pombe, akaishika ahadi miezi minane, kisha akaanguka siku ya msiba wa mama yake, huyo amekutana na simba, alete ngozi. Lakini yule aliyeahidi hivyo hivyo, naye kila jioni akaendelea kupita mbele ya kilabu, na kusimama kidogo, na kusalimiana na watu, huyo aliacha mlango wazi. Kwake yeye ngozi haitoshi. Lazima alipe, na malipo yenyewe mara nyingi hayaendi kwa Mungu bali kwa mke na watoto ambao fedha zao za ada alizinywa.

Hapa mtu mwerevu ataleta hoja, nayo ni hoja ya haki. Atasema, Mkifundisha hivi mtawazoeza watu kuleta ngozi. Kila Desemba watakuja na ngozi, watalia kidogo, watarudi nyumbani. Na mwisho wa miaka kumi Mungu atakuwa na ghala la ngozi wala hana ng'ombe hata mmoja. Twajibu hivi. Mwenye mali haitazami ngozi peke yake. Hutembelea na zizi. Akikuta miiba ya boma imeanguka mahali pale pale ilipoangukia mwaka jana, na fisi amepita pale pale, hatakuwa na maneno mengi. Ngozi ya kweli huja pamoja na boma lililotengenezwa. Mkulima wa pamba wa Bunda alijua neno hili kwa njia nyingine: mavuno yakiisha, serikali humtaka ang'oe mashina yote na kuyachoma moto, kwa sababu wadudu waharibifu hujificha katika masalia wakingoja mbegu za mwaka ujao. Yako mambo katika maisha ya Mkristo yaliyo kama mashina hayo. Hayana pamba tena, yaonekana kuwa makavu, hayamdhuru mtu. Lakini ndani yake mna funza.

Huenda msomaji akauliza kwa nini hesabu hii ifanywe mwisho wa Desemba. Kwa kweli hapana sababu ya mbinguni. Siku ya kwanza ya Januari ni mpango wa wanadamu. Waingereza walianza kuuhesabu mwaka tangu siku hiyo katika mwaka 1752. Kabla yake mwaka wao wa sheria ulianza 25 Machi. Wahabeshi huanza mwaka wao mwezi wa Septemba. Watu wa Makunduchi kule Unguja husherehekea Mwaka Kogwa mwezi wa Julai. Makanisa yenye kufuata majira ya ibada huanza mwaka wao kwa Majilio, majuma kadha kabla ya Krismasi. Wavuvi wa dagaa wa Musoma huhesabu kwa mwezi wa mbinguni, wakitoka na taa zao usiku wa giza na kupumzika wakati wa mbalamwezi, na Januari haiwahusu sana. Wala si hao tu. Hata saa zetu hazikubaliani na sherehe hiyo. Sisi twahesabu saa tangu mapambazuko na tangu machweo, na saa sita ya usiku kwetu si mwanzo wa kitu chochote: ni katikati ya usiku, wakati mtu aliye macho bado ana saa sita nyingine za kulinda.

Na shamba nalo lashuhudia vivyo hivyo. Mkulima wa pamba hupanda Novemba na Desemba. Siku ya kwanza ya Januari humkuta ana miche midogo, na kazi ya kupunguza na kupalilia yamngoja. Mavuno hayaji mpaka Mei au Juni. Hatujamwona mkulima aliyeng'oa miche yake kwa sababu mwaka ni mpya. Mwaka mpya huja shambani kama mgeni apitaye njiani. Humkuta mtu ameinama, humsalimu, naye mtu huinama tena. Twadhani mambo ya roho ni hivyo zaidi kuliko yalivyo kama vigelegele. Wakristo wengi huitwa, tarehe ile, si kuanza kitu bali kupalilia kile walichokipanda siku ya ubatizo wao.

Hata neno mkesha limepunguka nguvu midomoni mwetu. Katika vijiji vya Bunda vilivyo kando ya Hifadhi ya Serengeti, ndovu huingia mashambani usiku mazao yakaribiapo kuiva, na watu hukesha kwa tochi na kwa kupiga madebe. Waulizeni watu hao kama usiku mmoja watosha. Ndovu hatazami kalenda. Huja usiku ule ambao mlinzi aliona kwamba ameshakesha vya kutosha.

Lakini ingawa tarehe haina utakatifu, yafaa kuwa na tarehe. Mwenye kulinda ng'ombe wa watu asipokuwa na siku iliyopangwa ya kutoa habari, kila siku itakuwa kesho. Kwa sababu hiyo twaupenda mwisho wa mwaka: ni siku iliyokwisha kupangwa, watu wote waijua, hakuna awezaye kusema alisahau.

Nchi yetu ya Mara ina mifano yake katika habari hii, na ni vema kuitumia kabla ya kutafuta mifano ya mbali. Misheni ya Nyegina, karibu na Musoma, ilianzishwa mwaka 1911 na mapadre wa Wamisionari wa Afrika. Kanuni yao, waliyoachiwa na Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wao, ilikuwa kumfundisha na kumpima mtu kwa muda wa miaka minne kabla ya kumbatiza. Miaka minne! Siku hizi twaona kuwa ni mirefu, na huenda ilikuwa mirefu kweli kwa mzee aliyekuwa akikaribia kaburi. Lakini ilikuwa na akili moja ndani yake: hawakutaka kuipokea ahadi ya mtu katika joto la siku moja. Walitaka kumwona akipanda na kuvuna, akioa na kuzika, akikasirika na kupatana, mara nne. Ni huko Nyegina ambako tarehe 23 Desemba 1943, siku mbili kabla ya Krismasi, mwana wa Mtemi Burito wa Butiama, akiwa kijana wa miaka 21, alibatizwa na kuitwa Julius. Neno aliloliahidi siku ile alilichukua karibu miaka 56, hata alipofariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Watu waliokaa naye wamesimulia jinsi alivyokuwa akihudhuria Misa kila siku alipoweza, akiwa Rais na akiwa mzee wa kijiji; na katika miaka yake ya uzeeni alikaa akizitunga Injili nne katika tenzi za Kiswahili, zikapigwa chapa mwaka 1996. Jimbo la Musoma lilianza mwaka 2005 kazi ya kuyachunguza maisha yake ili Kanisa lake lipime kama afaa kuitwa mwenye heri. Uamuzi huo ni wao, wala sisi hatuna neno. Twamtaja hapa kwa ajili ya jambo jingine, tutakalolifikia sasa hivi.

Kwanza twende kaskazini, Shirati. Wamennonite walifika huko mwaka 1934, na Kanisa lao likaenea mpaka Bukiroba, Mugango na mahali pengine. Mwaka 1942 uamsho uliingia Shirati. Ulikuwa umeanza Gahini katika Rwanda, katika miaka ya 1930, ukapita Uganda. Na mmoja wa sauti zake za kwanza alikuwa Blasio Kigozi, mhudumu Mganda, aliyefariki Januari 1936, muda mfupi baada ya kuwaita watu wa Kanisa lake waamke usingizini. Wale waliouona uamsho ule hawakukumbuka sana mahubiri. Walikumbuka watu kusimama na kutaja mambo yao kwa majina. Watu walirudisha vitu walivyoviiba. Wamisionari nao walitubu mbele ya Waafrika juu ya kiburi chao, jambo lililokuwa gumu sana katika siku zile za ukoloni, na kwa kutubu huko ikawezekana watu wa rangi mbili kuitana ndugu bila kuoneana haya. Miaka 25 baadaye, mwaka 1967, Zedekia Kisare, mmoja wa waumini wa mwanzo wa Kanisa hilo, aliwekwa kuwa askofu wake wa kwanza Mwafrika.

Huo ulikuwa wakati wa ngozi nyingi. Na kwa kuwa hatuandiki sifa tupu, tuseme pia kwamba uamsho ulikuwa na hatari yake. Wako waliogeuza kukiri kuwa mashindano, na wako waliowashurutisha wengine wakiri walivyokiri wao, na asiyekiri kwa namna yao akahesabiwa kuwa hajaokoka. Ngozi ya ng'ombe wa jirani si juu yako kuileta. Ukimwona amechelewa kuileta, mwombee; zaidi ya hapo una zizi lako.

Sasa turudi kwa mtu wa Butiama. Mwezi wa Februari 1967 chama chake kilitoa Azimio la Arusha, nalo lilikuwa kama nadhiri ya taifa zima: ya kwamba nchi itajenga ujamaa na kujitegemea, na viongozi hawatajitajirisha. Miaka kumi ikapita. Kiongozi mwingine angefanya sherehe na kuhesabu shule na visima, navyo vilikuwapo vya kuhesabiwa. Yeye mwaka 1977 aliandika kitabu kidogo cha kutoa hesabu ya miaka ile kumi, na ndani yake alisema wazi kwamba Tanzania haijawa nchi ya kijamaa wala haijajitegemea. Akataja uzembe, na viwanda vilivyozalisha chini ya uwezo wake, na mashirika ya umma yasiyofanya kazi kama yalivyotarajiwa. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa Rais, na chama kilikuwa kimoja.

Tungekuwa wasahaulifu kama tungesema kwamba alizileta ngozi zote. Wazee wa Mara bado wakumbuka jinsi watu walivyohamishwa kwa nguvu kuingia vijijini katika miaka ya 1973 hata 1976, na nyumba zilizobomolewa, na mashamba yaliyoachwa na mazao ndani. Na wengi huona kwamba habari hiyo haikusemwa kwa uzito uliostahili. Twaona nao wana haki. Hata hivyo twajua jinsi ilivyo kazi ngumu kwa mtu mdogo kumwambia mkewe kwamba fedha ya mbegu ameipoteza. Mtu mkubwa kuliambia taifa lake kwamba lililoahidiwa halijatimia, tena akalipiga chapa ili maadui nao wasome, hilo ni jambo ambalo viongozi wengi, wa serikali na wa makanisa pia, hawajalijaribu.

Imebaki habari ya nani wa kupelekewa ngozi. Ya kwanza ni ya Mungu, kwa kuwa amana zote ni zake. Lakini Bwana wetu alifundisha ya kwamba mtu akiisha kufika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka ya kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka pale pale aende kwanza kupatana. Neno hili laharibu mipango ya mkesha, na tusijifanye hatulioni. Maana yake, kwa watu wengine, kazi ya mwisho wa mwaka haiko kanisani kabisa. Iko ng'ambo ya kijito, kwa shangazi ambaye hamjasalimiana tangu urithi ulipogawanywa. Iko sokoni, kwa mama wa duka ambaye jina lako limo katika daftari lake. Na mwenye safari ya namna hiyo asiingoje saa sita ya usiku; aondoke asubuhi, njia iwe na mwanga.

Na baada ya hayo, aahidi tena? Sisi twasema ndiyo, lakini kwa kipimo. Mwenye mali mwenye busara, akimrudia mlinzi aliyepata hasara, hamkabidhi kundi zima siku ile. Humwachia mtamba mmoja. Basi na mtu aliyevunja nadhiri kubwa mara tatu asiweke kubwa ya nne. Aahidi kitu kidogo, chenye siku zake, na mtu mmoja ajuaye. Asiahidi kuacha pombe maisha yote. Aahidi kwamba hata Pasaka atakuwa akirudi nyumbani kwa njia ya juu, isiyopita kilabuni, na mwanawe mkubwa alijue jambo hilo. Asiahidi kusoma Biblia nzima. Aanze na Injili ya Marko, sura kumi na sita, afike mwisho. Watu wa mikutano mikubwa wataona haya ni mambo madogo mno. Lakini mtamba huzaa.

Kwa wachungaji, makatekista na wazee wa makanisa tuna ombi moja. Ibada ya usiku ni ya wale wenye furaha, nao wana haki ya furaha yao, wapigiwe ngoma. Lakini wale wanaoona haya, wale wa kukaa nyumbani, hawatakuja penye ngoma. Basi siku ile, alasiri, kabla ya taa na kabla ya kwaya, mlango wa kanisa na uwe wazi, na mzee mmoja mwenye kuchunga ulimi wake awe ameketi ndani. Asihubiri. Awe na benchi la watu wawili. Mtu akiingia na ngozi yake, atengewe nafasi ya kuitandaza, na mzee aitazame pamoja naye, kisha waende wote wawili kuangalia boma limeanguka upande gani.